Jua la Mchana, Maji ya Alfajiri

Baba huondoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri ili awahi basi la mgodini. Mwezi wa Juni na Julai, saa hiyo Kolwezi ni baridi kweli. Mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo mama huamka saa tisa na nusu kuwasha mbabula. Makala (kwetu neno hili ni makaa ya miti, si maandishi kama haya) huchelewa kushika moto, na baridi ikizidi mama huivuta mbabula ndani. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza, maana makala hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haionekani, haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Msomaji atauliza: na umeme? Vituo vya Nzilo na Nseke viko kwenye mto Lualaba, si mbali nasi, na waya wa umeme wa Inga, wenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, huishia hapa Kolwezi. Lakini umeme huo ulivutwa kwa ajili ya migodi kwanza. Mtaani kwetu hukatika, na saa ya kazi haingoji.

Mwaka jana yaya wangu alipaka dumu la lita 20 rangi nyeusi, akaliweka juani tangu asubuhi. Saa tisa alasiri maji yalikuwa moto hata mkono haukuvumilia. Alfajiri yalikuwa baridi kama ya bomba. Majirani walicheka, wakasema jua letu halitoshi. Mimi nilianza kusoma, nikaona kwamba jua halikuwa na kosa. Tulijua kukamata joto, hatukujua kulitunza.

Mtambo wa kupasha maji kwa jua hufanya kazi tatu. Ya kwanza ni kukamata. Ndani ya kisanduku mna bamba jeusi lililoshikana na mabomba membamba, na juu yake kioo. Mwanga hupita kwenye kioo na kulipasha bamba. Joto ambalo bamba hulirudisha halipiti tena kwa urahisi, na upepo haulifikii. Mabomba mazuri ni ya shaba, kwa kuwa shaba hupitisha joto karibu mara mbili kuliko alumini. Ni shaba ileile tunayoiona ikiondoka kwa malori. Nasi tuko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua la adhuhuri huinama upande wa kaskazini. Kwa hiyo kisanduku kielekezwe kaskazini, kiinuliwe nyuzi 20 hadi 30.

Kazi ya pili ni kupandisha. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu ya kisanduku, na yale ya baridi hushuka kushika nafasi yao. Hakuna pampu wala umeme. Ila tangi likiwekwa chini, usiku mzunguko hugeuka: maji ya moto hurudi kwenye kisanduku na kupoa chini ya anga wazi.

Kazi ya tatu ni kutunza, na hapo ndipo dumu letu lilishindwa. Tangi huvikwa sufi ya kioo au povu nene, kama themosi ya chai. Mitambo mingine hutumia mirija ya kioo yenye kuta mbili zisizo na hewa katikati, na hiyo hupoteza joto kidogo zaidi wakati nje kuna baridi.

Tupige hesabu. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 43 huhitaji kilowati-saa 2.9. Kwenye mbabula, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, hizo ni karibu kilo 2 za makala. Kisanduku cha mita mraba 2 hivi huweza kutoa joto hilo katika siku moja ya jua.

Kule Ubelgiji baridi huja pamoja na mawingu na siku fupi. Joto linapohitajika zaidi ndipo jua linapokuwa haba, na maji huweza kuganda mabombani. Kwetu baridi huja na anga safi, maana Juni na Julai karibu hakuna mvua. Shida yetu ni vumbi jekundu, ambalo lazima lifutwe kwenye kioo, na mawingu ya Desemba hadi Machi, ambapo makala bado yatasaidia. Lakini miezi hiyo usiku si wa baridi kali.

Mtambo kamili bado hatujaumudu. Tuliloweza ni kutengeneza sanduku la mbao, tukalijaza majani makavu na vipande vya godoro la zamani. Kila jioni, kabla jua halijatua, yaya huliingiza dumu humo na kulifunika. Alfajiri maji huwa vuguvugu. Hayachomi, lakini baba huoga. Siku hizi mama huamka saa kumi, na mbabula hubaki uani.