Kazi za Ndani ni Kazi

Vijiji vyetu vingi vina mabinti walio mjini wanaofanya kazi za ndani. Huamka alfajiri kabla ya wengine. Hupika, hufua, hulea watoto. Usiku hulala wa mwisho. Lakini muulize mwenye nyumba. Atasema, "Huyu ananisaidia tu." Hapo ndipo haki huanza kupotea.

Kwa nini watu husema hivyo? Waliochunguza maisha ya wafanyakazi hawa hueleza sababu mbili. Kwanza, kupika na kulea huonekana ni desturi ya mwanamke, si ujuzi wa kulipwa. Pili, kazi hii hufanyika ndani ya nyumba ya mtu. Binti yuko peke yake, hana mwenzake wa kushauriana naye.

Kumbe wako wengi! Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu mwaka 2021. Wafanyakazi wa nyumbani duniani walikuwa kama milioni 75.6. Katika kila 100, wanawake walikuwa 76. Kabla ya hapo, mwaka 2011, shirika hilo lilipitisha Mkataba namba 189, unaodai wapewe haki kama wafanyakazi wengine. Wafanyakazi wa nyumbani wenyewe walikwenda Geneva kuutetea.

Je, hapa Tanzania? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda pia mfanyakazi wa ndani. Inasema hivi:

1. Mtoto wa chini ya miaka 14 asiajiriwe.
2. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zikizidi, zilipwe.
3. Kila wiki apumzike saa 24 mfululizo.
4. Kila mwaka apate likizo ya siku 28 yenye malipo.

Mzazi, kabla binti hajaondoka, uliza: Atalipwa shilingi ngapi? Nani atapokea mshahara huo? Atapumzika siku gani? Sasa unajua kuandika. Basi andikeni makubaliano, na kila upande ubaki na nakala yake.

Akinyimwa mshahara, aende kwa Afisa Kazi au chama cha wafanyakazi cha CHODAWU. Akishikwashikwa bila ridhaa yake, hilo ni kosa la jinai. Aende polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Nawe nyumbani umsikilize, usimwambie avumilie.

Mshahara ni jasho lake, si zawadi.