Bunia: Wanaovuka mpaka kibiashara wahitaji habari kabla ya mali

Sabuni, mafuta ya kupikia, saruji na bidhaa nyingine nyingi za masoko ya Bunia huingia kutoka Uganda kupitia Mahagi, Aru au Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Kahawa, kakao na mbao za Ituri hutoka kwa njia hizo hizo. Kwa mwenye mtaji wa dola mia chache, kosa moja la habari linaweza kumeza faida ya safari nzima.

Hesabu ya kwanza ni ya fedha. Mfanyabiashara wa Bunia huuza kwa faranga za Kongo au dola, lakini humlipa muuzaji wa Arua au Kampala kwa shilingi za Uganda. Bei aliyotumiwa kwa WhatsApp wiki iliyopita huenda imepanda, na kiwango cha kubadilisha fedha nacho kimeshuka. Ndiyo maana inafaa kuandika bei pamoja na tarehe na kiwango cha siku hiyo.

Mpakani, habari ni kinga. Agizo la serikali la mwaka 2002 linaruhusu idara nne tu kufanya kazi kwenye mipaka ya Kongo: forodha, ambayo leo ni DGDA, OCC inayokagua bidhaa, DGM ya uhamiaji, na huduma ya usafi na afya. Anayelijua hilo anaweza kumuuliza mtu wa tano anadai malipo kwa sheria ipi, na kuomba risiti.

Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, lakini karatasi hazikuisha. Upande wa Mahagi hujazwa kwa Kifaransa, na ng'ambo, Goli, kwa Kiingereza. Asiyejua lugha mojawapo humtegemea wakala. Asipodai nakala, wakala ndiye anayebaki na hati, bei na namba za wateja, na safari inayofuata huanza upya.

Kwa wauzaji wa kahawa na kakao, mtihani mkubwa zaidi uko mbele. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka mazao hayo yathibitishwe kuwa hayakutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020, na kila shamba lionyeshwe mahali lilipo kwa vipimo vya ramani. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, sasa hadi mwishoni mwa 2026 kwa makampuni makubwa. Kwa miaka mingi, mazao mengi ya mashariki mwa Kongo yamevuka kwenda Uganda bila hati. Gunia lisilo na jina la mkulima wala shamba litazidi kukosa mnunuzi Ulaya, hata kama kahawa yake ni nzuri.

Hata hivyo, si kila habari ni ya kusambazwa. Ituri iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu Mei 2021, na barabara ya RN27 ya kwenda Mahagi imeshuhudia mashambulizi mengi. Siku ya safari, aina ya mzigo na kiasi cha fedha havifai kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili.

Kazi yote hii haihitaji kompyuta. Daftari moja la bei, wateja na mashamba, risiti zilizopigwa picha, na nakala iliyoachwa kwa mtu wa kuaminika nyumbani vinatosha kuanzia. Simu ikiibiwa njiani, biashara haitapotea nayo.