Blogu: Daftari la Nahodha Lililofunguliwa kwa Wote



Wazee wetu wa Ashkhara hawana haja ya kuelezwa nini maana ya daftari la safari. Nahodha aliyejua kuandika alitia tarehe, upepo na bandari, siku baada ya siku. Neno blogu limetoka humo humo: mwaka 1997 Mmarekani Jorn Barger aliliunganisha neno la Kiingereza la daftari hilo na lile la mtandao, na mwaka 1999 likafupishwa.

Basi blogu ni ukurasa wa intaneti ulio na mwenyewe. Kila andiko lina tarehe yake, jipya hukaa juu ya la zamani, na chini yake kwa kawaida huachwa nafasi ya msomaji kujibu. Kwa rai yetu, nafasi hiyo ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Katika Kiswahili, wengi huihesabu Jikomboe ya Ndesanjo Macha, iliyoanza mwaka 2004, kuwa ndiyo ya mwanzo. Mwaka 2005 akafuatia mpiga picha Muhidin Issa Michuzi, na Waswahili waliotawanyika duniani wakapata pa kutazama habari na picha za nyumbani.

Hata hivyo, mtu kuzungumza na umma kwa karatasi yake mwenyewe si jambo geni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, na ndiyo maana zingali zinasomwa. Blogu haina dhamana hiyo. Mwenyewe akichoka, au akifariki, huenda yote yakapotea. Tanzania ilipotoa kanuni za mwaka 2018, zenye ada iliyopindukia shilingi milioni 2 kwa mwanzo, baadhi ya waandishi walisimamisha kazi zao. Kwa hivyo ukikuta andiko juu ya nasaba au mji wa wazee wako, lichapishe karatasini ulihifadhi. (Wino ni ghali, tunajua.)

Ama katika kujibu, soma andiko zima kwanza. Muulize mwandishi habari aliipata kwa nani. Akikosea jina la mtaa au mwaka, na wewe una barua ya babu yako inayothibitisha, mwambie. Masahihisho ya namna hii ndiyo yanayoipa blogu thamani. Anaweza asiyachapishe, kwani nyumba ni yake.

Lakini tahadhari moja ni kubwa. Kwa Marsumu ya Kisultani namba 12 ya mwaka 2011, hapa Oman ni kosa kutumia mtandao kuvunja faragha ya mtu kwa kumpiga picha au kueneza habari zake, hata zikiwa za kweli. Wengi hudhani ukweli ni kinga. Nasi tuliofundishwa tangu chuoni kwamba ghiba haihitaji uongo, hatuna udhuru wa kushangaa. Picha ya harusini yenye wanawake wa watu isitoke bila idhini yao.

Zipo nyumba ambamo bibi angali anasema Kiswahili cha Unguja, na mjukuu anaandika Kiarabu na Kiingereza tu. Wakae pamoja: bibi aseme, mjukuu apige herufi kama anavyozisikia, bibi asomewe na kusahihisha kabla halijatoka. La kuanzia na liwe jina la chombo kilichowaleta, bandari walizopitia, na mwaka.