Sataranji: Mtego wa Marshall ulioshindwa ukadumu

Katika mashindano ya sataranji ya New York, mwezi Oktoba 1918, Mmarekani Frank Marshall alimtegea Jose Raul Capablanca wa Cuba mtego ambao haukunasa. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 baadaye, mabingwa wangali wanauhofia.

Mchezo ulianza kwa Ufunguzi wa Kihispania, unaohusishwa na padre Ruy Lopez aliyeandika kitabu cha sataranji mwaka 1561. Capablanca alicheza kwa kete nyeupe. Katika hatua ya nane, Marshall alimsogeza askari wa malkia nafasi mbili mbele, akamwacha askari wake mwingine wa katikati ya ubao aliwe bure.

Bure kwa sura tu. Ili kumla askari huyo, mwenye kete nyeupe hubadilishana farasi aliyekuwa karibu na mfalme wake, na ngome yake hubaki peke yake katikati ya ubao. Nyuma yake ngome ya pili, farasi na askofu wa upande wa malkia bado wamelala pale walipopangwa. Mweusi amepoteza askari mmoja lakini amepata muda, na katika sataranji muda ni silaha.

Capablanca alitambua kwamba ameandaliwa jambo. Baadaye aliandika kuwa heshima yake ilimlazimu kuikubali changamoto hiyo. Mfalme wake alifukuzwa hatua kwa hatua kuelekea upande wa pili wa ubao, lakini alijilinda kwa utulivu hadi shambulio likaishiwa nguvu, akashinda katika hatua ya 36. Kushindwa huko hakukuwa fedheha: kati ya mwaka 1916 na 1924 hakuna aliyemshinda Capablanca katika mchezo rasmi hata mmoja.

Inasimuliwa kwamba Marshall aliificha mbinu hiyo kwa miaka mingi akimsubiri Capablanca, aliyemshinda vibaya mwaka 1909. Hadithi hiyo ni tamu, ila wanahistoria wa sataranji wanaitilia shaka.

Wachambuzi waliuboresha ulinzi wa kete nyeusi, na mwaka 1965 Boris Spassky aliutumia ufunguzi huo dhidi ya Mikhail Tal katika mpambano ambao Spassky alishinda. Mjini London mwaka 1993, Garry Kasparov, mshambuliaji asiyeogopa vurugu, alimsogeza askari wa pembeni katika hatua ya nane dhidi ya Nigel Short, hatua inayofunga mlango wa shambulio la Marshall.