Kabla ya kumpeleka mtoto Serengeti, jua mahali pa kugeuzia gari

Musoma. Chukua familia ya baba, mama na watoto watatu wanaoishi Nyasho, mjini Musoma. Kwa muda mrefu wamekuwa wakiweka fedha kidogo kidogo ili likizo ya Juni waingie Serengeti, na safari hii hawataki ile ya kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Wanataka kukodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa, wapakie jiko la gesi, maji na chakula, wapite Bunda na kuingia kwa lango la Ndabaka. Kutoka hapo wavuke hifadhi hadi kaskazini kabisa, Kogatende, kando ya Mto Mara, kisha warudi nyumbani kwa kupitia Mugumu na Butiama.

Kila kitu kimekubaliwa isipokuwa jambo moja. Mtoto wao wa pili, mwenye miaka tisa, ana siko seli. Bibi yake aliyeko Butiama ameshatoa kauli: "Huyu mwacheni kwangu."

Familia hiyo ni ya mfano, lakini swali lake ni la nyumba nyingi za Mara. Wataalamu hukadiria kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye siko seli kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi wa aina hiyo. Mara nyingi ndio wanaoachwa nyumbani wenzao wanaposafiri.

Je, ni lazima aachwe? Kwa mtoto ambaye hali yake ni tulivu na anayehudhuria kliniki, jibu huwa linategemea namna safari ilivyopangwa. Na safari nzuri ya porini hupangwa kwa kuanza na aliye dhaifu kuliko wote garini. Ikimfaa yeye, itawafaa na wengine.

Saa ndiyo mpaka

Wazazi wengi hupanga kwa kilomita. Ndani ya hifadhi, kinachobana zaidi ni saa.

Magari hayaruhusiwi kutembea usiku, na mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Malango hufungwa jioni. Mtoto anayeanza kuchemka saa 1 usiku hawezi kuwahishwa mjini kama ambavyo mzazi wa Nyasho angeita bodaboda au bajaji. Atasubiri mapambazuko, au wazazi watafute askari wa hifadhi wawasaidie.

Kwa hiyo weka utaratibu mmoja: kila siku saa 8 mchana, simamisha gari mahali panaporuhusiwa na mpime kila mtoto joto la mwili. Uliza nani hajala, nani ameharisha, nani anaumwa kichwa au miguu. Jambo lolote la kutia shaka liamuliwe hapo hapo, wakati bado kuna mwanga wa kutosha kufika langoni.

Kila kipande cha njia kiwe na jibu la swali hili: mtoto akiugua hapa, tunaelekea wapi?

Kutoka Musoma hadi Ndabaka jibu ni rahisi. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa, na kuna Hospitali Teule ya Wilaya mjini Bunda. Barabara ni ya lami na simu inashika.

Ukishaingia Ndabaka mambo hubadilika. Njia ya ukanda wa magharibi hufuata Mto Grumeti kwa zaidi ya kilomita 100 hadi Seronera. Mwanzoni msaada uko nyuma, Bunda. Ukikaribia Seronera, msaada uko mbele: mji ulio karibu ni Mugumu, kupitia lango la Ikoma. Dereva na mzazi waliokaa mbele wajue ni wapi wanapoacha kufikiria Bunda na kuanza kufikiria Mugumu. Walikubali kabla ya kuondoka, wakati hakuna anayelia.

Kutoka Seronera kwenda Lobo na hatimaye Kogatende ndiko kuna upweke hasa. Simu hukatika, magari ni machache, na kituo cha mafuta cha uhakika mnakiacha Seronera. Kabla ya kwenda, waulize askari ni barabara ipi ya kutokea Mugumu inapitika wiki hiyo, maana mvua ya siku moja hugeuza udongo mweusi kuwa tope linalomeza magurudumu.

Anza nyumbani, wiki mbili kabla

Malaria huchukua angalau siku saba tangu mtu aumwe na mbu hadi aanze kuugua. Hii ina maana homa ya malaria inayolipuka siku ya tatu ya safari haikutoka Serengeti. Mtoto aliibeba kutoka Musoma.

Kinga ya safari, basi, huanzia kitandani nyumbani. Wiki mbili kabla, hakikisha kila mtoto analala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wale wanaodai kuna joto. Mwenye dalili yoyote apimwe kabla ya kuondoka.

Kwa mtoto mwenye siko seli, wiki hizo mbili ni za kwenda kliniki. Maswali ya kumpelekea daktari ni manne. Hali yake ya sasa inaruhusu safari? Anahitaji dawa ya kuzuia malaria? Dawa zake, kama foliki asidi na haidroksiyurea kwa anayeitumia, zinatosha siku zote za safari na siku za ziada? Na dawa ya maumivu apewe ipi, kwa kipimo gani kulingana na uzito wake?

Omba pia maelezo mafupi ya maandishi kuhusu ugonjwa wake, kundi lake la damu na dawa anazotumia. Muuguzi wa zamu Mugumu hatakuwa na faili lake la Musoma. Yaweke pamoja na kadi ya bima na kadi ya kliniki, kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Dawa zisikae kwenye dashibodi wala kwenye sanduku la nyuma linalochomwa na jua. Zikae na mama au baba, kwenye begi la mkononi.

Baridi, kiu na uchovu

Siko seli hufanya chembe nyekundu za damu kuwa ngumu na kujikunja mfano wa mundu, ndiyo maana huitwa pia selimundu. Zikiziba mishipa midogo, mtoto hupata maumivu makali. Vinavyochochea hali hiyo ni upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu mkubwa na maambukizi. Safari ya porini inaweza kuvileta vyote kwa siku moja.

Maji ndiyo ya kwanza. Mtoto apewe chupa yake mwenyewe na anywe kidogo kidogo njia nzima bila kusubiri kiu. Wazazi wengine humnyima mtoto maji ili asiombe kushuka kukojoa kila mara. Kwa huyu ni kosa la hatari. Beba kopo lenye mfuniko, akojoe ndani ya gari, safari iendelee.

Maji ya kunywa yatoke mjini, na yabebwe zaidi ya yale unayodhani yatatosha, kwa sababu gari likikwama mtalala hapo. Ya kuongeza njiani yachemshwe au yatiwe vidonge vya kutibu maji. Na mkipumzika ufukweni mwa Ghuba ya Speke kabla ya Ndabaka, watoto wasiogelee. Maji ya kando ya ziwa yana hatari ya kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi.

Baridi huwashtua watu wa Musoma. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na upande wa Lobo huinuka mita mia kadhaa zaidi. Usiku wa Juni unahitaji soksi, kofia, sweta na blanketi zito.

Hapa kuna onyo moja lisilo na mjadala: usiingize jiko la mkaa au la gesi ndani ya hema au gari ili kupasha joto. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo, ikiwekwa karibu na miguu, inatosha.

Uchovu nao hupunguzwa kwa ratiba. Usiku wa kwanza ulalwe Seronera, na wa pili hapo hapo. Watoto wapumzike, wazazi waone mtoto ameamkaje. Usiku huo wa pili ndio mtihani: mtoto akiamka salama, safari ya kaskazini iendelee. Akiamka analalamika miguu, gari lielekee Ikoma.

Hakuna cha kujutia hapo. Mwezi Juni makundi ya nyumbu mara nyingi huwa ukanda wa magharibi, karibu na Grumeti, na uvukaji wa Mto Mara huko Kogatende huonekana zaidi kati ya Julai na Oktoba. Familia inaweza kuwa imeshawaona nyumbu siku ya kwanza.

Mbung'o na usiku wa kambini

Ukanda wa magharibi na misitu ya kaskazini ina mbung'o. Hufuata magari yanayotembea, huuma mchana, na huvutiwa na nguo za rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Mafuta ya kufukuza mbu hayawazuii vizuri. Wavike watoto mikono mirefu ya kitambaa kizito, rangi ya udongo au kijani kilichofifia, na funga madirisha katika maeneo yao.

Baadhi ya mbung'o hueneza malale. Ugonjwa huu ni nadra, lakini upo: mwaka 2001 iliripotiwa kuwa watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, ikiwamo Serengeti.

Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi na Nyani, hazina uzio. Fisi hupita, na simba pia. Ndoo yenye mfuniko ndani ya hema ni choo cha usiku, na mtoto asishuke peke yake kwa sababu yoyote. Chakula, hata biskuti, kisilale hemani na watoto. Mchana mikanda ifungwe, na anayetaka kusimama kuchungulia juu ya paa asubiri gari lisimame.

Dalili za kugeuza gari

Kwa mtoto yeyote, geuza gari akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akipumua kwa shida. Mwenye kuharisha aanze maji ya ORS mara moja, pakiti moja kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14.

Kwa mwenye siko seli, orodha ni ndefu zaidi: homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, maumivu ya kifua, tumbo la upande wa kushoto kuvimba ghafla, viganja na macho kuwa meupe, macho kuwa ya njano kuliko kawaida, maumivu yasiyotulia kwa dawa, na kwa mvulana uume kusimama kwa maumivu bila kulala. Mdomo kupinda, kuongea kwa kigugumizi cha ghafla au mkono mmoja kukosa nguvu ni dalili za kiharusi, nacho huwapata hata watoto.

Homa yake haitibiwi kwa kubahatisha mseto na kusubiri. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa maambukizi ya bakteria kwenye damu, na ya pili inaweza kuua kwa saa chache. Mpe dawa ya kushusha homa, mpe maji, kisha ondoka. Kama ni usiku, nenda kwa askari wa hifadhi au ofisi ya kambi, usiendeshe mwenyewe gizani.

Kugeuza gari kuna gharama: fedha ya kukodi haitarudi, na watoto wengine watanuna. Ndiyo maana baba na mama wakubaliane mapema kwamba mmoja akisema tugeuze, mwingine habishi. Ubishi wa nusu saa ndio unaofungiwa lango.

Kituo cha mwisho, Butiama

Familia ya mfano ikitoka Mugumu itapita Butiama kabla ya kurudi Musoma. Watoto wataona makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo, na bibi atapata nafasi ya kumkagua mjukuu wake, macho kwanza, kisha viganja, kama bibi wanavyofanya.

Hapo apewe kazi. Kwa wiki tatu zinazofuata, yeyote kati yao akipata homa aende hospitali, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe: "Tumetoka Serengeti." Malale huanza ndani ya wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, na kidonda chekundu kilichovimba pale mbung'o alipouma ni dalili isiyopaswa kupuuzwa. Malaria ya safarini nayo mara nyingi hujitokeza kipindi hicho hicho. Mhudumu asiyeambiwa atatafuta ugonjwa wa Nyasho na kuukosa wa Grumeti.

Wiki hizo tatu zikipita salama, mtoto aliyezoea kuachwa atakuwa na cha kusimulia shuleni. Na bibi, likizo ijayo, ataanza kwa kuuliza ni lini wanakwenda kliniki.