Ubeti wa Kwanza ni wa Mtoto Mmoja

Desemba 24, saa 9 alasiri kwa saa za Uingereza, watu wamejaa ndani ya kanisa la Chuo cha King's mjini Cambridge na hakuna anayekohoa. Mwisho wa magharibi wa kanisa wamesimama wavulana 16 wenye kanzu nyekundu na vazi jeupe juu yake, pamoja na vijana wa chuo wanaoimba sauti nzito. Mitambo ya redio iko tayari. Mwalimu wa kwaya anampa ishara mvulana mmoja. Mtoto anavuta pumzi, anaanza. Hana kinanda cha kumsindikiza wala mwenzake wa kumshika mkono.

Hadi dakika hiyo hakujua kwamba ni yeye.

Wimbo anaouanza ni "Once in Royal David's City". Maneno yake yaliandikwa na Cecil Frances Alexander na kuchapishwa mwaka 1848 katika kitabu cha nyimbo za watoto wadogo, alichokitunga ili watoto waelewe wanachokiri wanaposema Imani ya Mitume. Wimbo huu ulihusu kuzaliwa kwa Yesu na Bikira Mariamu. Mwaka uliofuata Henry Gauntlett akautungia sauti. Kwa hiyo mtoto anapoimba peke yake mbele ya waumini, anaimba wimbo uliotungwa kwa ajili ya mtoto kama yeye.

Ibada yenyewe, ya masomo tisa na nyimbo za Krismasi, ilianzia Truro mwaka 1880 ndani ya banda la mbao, kwa sababu kanisa kuu la huko lilikuwa bado linajengwa. Eric Milner-White, aliyerudi Cambridge baada ya kuwa kasisi wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiye aliyeileta King's mwaka 1918. Mwaka uliofuata akaupanga upya utaratibu wake, na tangu hapo wimbo huu umekuwa wa kwanza. BBC iliirusha redioni kwa mara ya kwanza mwaka 1928, na tangu wakati huo imeikosa mwaka 1930 tu. Hata Vita vya Pili havikuizuia: vioo vya rangi vya madirisha vilikuwa vimeondolewa kwa kuhofia mabomu, kanisa halikuwa na joto, na jina la mahali halikutajwa redioni.

Ugumu wa ubeti ule wa kwanza, anaouimba mtoto peke yake, hauko katika noti zake, kwani mtoto yeyote wa kwaya anaweza kuzikariri kwa siku moja. Ugumu uko katika kubaki kwenye ufunguo. Ubeti wa pili kwaya inaingia, bado bila kinanda, na inaanzia pale mtoto alipoishia. Ubeti wa tatu kinanda kinanguruma na waumini wote wanaimba. Kama mtoto ameshuka hata nusu sauti, ni hapo inapojulikana, maana kinanda hakishuki kumfuata mtu. Na hofu huanza kwa kuiba pumzi. Pumzi ikipungua, sauti hushuka.

Ndiyo maana Stephen Cleobury, aliyeongoza kwaya hiyo kuanzia 1982 hadi 2019, aliwaandaa wavulana kadhaa, kisha akamteua mmoja wakati ibada inakaribia kuanza. Wako wanaoona huo ni ukatili. La hasha. Mtoto asiyejua kama ni yeye hulala usingizi wake usiku, na asubuhi hula chakula chake. Mmoja akiamka na mafua, yuko mwingine aliyeiva. Tena wavulana hawa ni wa umri wa miaka tisa hadi 13 hivi, umri ambao koo halina ahadi: aliyeimba kama filimbi mwezi Oktoba anaweza kuamka Desemba na sauti nzito.

Katika makanisa mengi ya kwetu mambo huenda kinyume. Jina la mtoto wa solo hutangazwa wiki tatu kabla. Mama anamshonea nguo mpya, shangazi anapiga simu kijijini, na siku ya mkesha mtoto anapanda mbele akiwa amebeba ukoo mzima kwenye koo lake. Akikwama neno moja, anaambiwa amewaaibisha. Wapo walioacha kuimba moja kwa moja kwa sababu ya usiku mmoja wa namna hiyo.

Mwalimu wa kwaya unayesoma haya, Krismasi hii usiandae mtoto mmoja. Andaa watatu, wafundishe ubeti huo huo, wazoeze kuuimba bila kinanda wakiwa wamesimama pale pale watakapoimbia, na jina usilitaje mpaka waumini wameketi.