Michezo ya Video, Umakini na Viungo vya Mtoto: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Riyadh na Jeddah



Kiangazi kinapowadia, joto la Riyadh hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na Jeddah huongeza unyevu wa bahari juu yake. Shule zimefungwa, mtoto yumo ndani ya nyumba ya ghorofa tangu asubuhi, na mchezo wa video ndio unaomtuliza. Mzazi amwonapo amekodolea macho kioo kwa saa tatu hujiuliza: je, mwanangu anajifunza umakini, au anaupoteza?

Jibu ni kwamba mchezo hukuza kile unachokizoeza, wala hauzoezi kila kitu.

Umakini ni wa namna mbili

Mwaka 2003, watafiti C. Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Watu wasio na mazoea ya michezo ya mapambano waliicheza saa moja kila siku kwa siku 10. Baadaye walitambua upesi zaidi vitu vinavyojitokeza ghafla mbele ya macho na pembeni, kuliko wenzao waliocheza Tetris.

Huo ni umakini wa mlinzi au dereva: jicho huwa tayari kwa lolote litakalotokea. Umakini wa kusoma kitabu, kuhifadhi sura au kukokotoa hesabu ndefu ni mwingine. Katika mchezo, sauti, mwanga na alama za ushindi humvuta mtoto kila baada ya sekunde chache. Mbele ya kitabu hana budi kujivuta mwenyewe. Kwa hiyo, mtoto kutulia kwa saa nyingi mchezoni si ushahidi kwamba hana tatizo la umakini. Ikiwa nyumbani na shuleni pia hawezi kutulia, husahau maagizo na hamalizi kazi, mpeleke kwa daktari. Usimwite mvivu.

Vidole vyepesi, mwili mzito

Mwaka 2007, jarida la Archives of Surgery lilichapisha uchunguzi wa madaktari 33 wa upasuaji wa kutumia kamera ndogo. Waliowahi kucheza zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji huo. Hata hivyo, huenda wenye mikono myepesi ndio waliopenda michezo hiyo tangu awali. Uchunguzi huo hauthibitishi kwamba mchezo ndio uliowapa wepesi.

Zaidi ya hayo, vidole si mwili mzima. Kukimbia, kuruka, kudaka mpira na kusimama kwa mguu mmoja havifunzwi kwa kubonyeza vitufe. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa kiasi cha kuhema. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku. Aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo kabisa.

Mambo ya kufanya nyumbani

- Patana na mtoto muda wa kucheza kabla hajawasha kifaa. Mwache amalize mzunguko aliouanza, kisha azime. Ukiwa kazini, mwachie mtu mzima aliyebaki nyumbani mapatano hayohayo.
- Linda usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Simu na vifaa vya michezo visilale chumbani mwake. Asiyelala hana umakini, acheze au asicheze.
- Toka naye jua likishatua: ufukwe wa Corniche mjini Jeddah, bustani za Wadi Hanifa mjini Riyadh, au uwanja wowote wa mtaani. Mfundishe rede, kombolela na kuruka kamba kama ulivyocheza wewe.
- Mchana wa joto, mdako na bao huzoeza vidole, macho na hesabu bila kioo.

Wakati wa kutafuta msaada

Shirika la Afya Duniani linatambua uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na huendelea nao ingawa unamdhuru. Kwa kawaida daktari huthibitisha ugonjwa huo hali ikiwa imedumu kwa miezi 12, lakini wewe usingoje mwaka uishe. Mtoto akiacha kula na familia, akikesha, au akishuka masomoni, piga simu namba 937 ya Wizara ya Afya au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kama Kiarabu kinakupa taabu, mwombe mtu mzima unayemwamini akutafsirie. Usimtwike mtoto mwenyewe kazi hiyo.

Hatukuambii uutupe mchezo. Tunakuomba uangalie umechukua nafasi ya nini: usingizi, mbio, kitabu au mazungumzo ya mezani. Hicho ndicho cha kumrudishia mtoto kwanza.